Betri ilikuwa inakula umeme wa bei ya mchana

Hapa Leicester, Uingereza, mita yangu ni ya Economy 7: saa saba za umeme wa bei nafuu kila usiku. Nilifunga betri ya uniti 5 ijichaji usiku, mchana tupikie umeme huo huo. Majira ya baridi mambo yalikuwa shwari. Aprili bili ikapanda.

Nilimlaumu fundi, nikailaumu hata pasi ya mke wangu. Usiku mmoja nikashuka na tochi, nikachuchumaa mbele ya mita. Saa sita na nusu, bei nafuu ilipopaswa kuanza, inverta (kifaa kinachochaji betri) ikaanza kuvuma, lakini tarakimu zilizokuwa zikipanda ni za bei ya mchana! Zikaendelea hivyo hadi saa saba na nusu. Kumbe Waingereza husogeza saa mbele mwishoni mwa Machi. Inverta ilijirekebisha kupitia intaneti, mita kongwe ikabaki na saa za baridi. Kwa kuchaji kwa kilowati 2.5 muda wa saa hiyo moja, nusu ya betri ilikuwa inajaa kwa bei ghali.

Nikafungua programu ya inverta, nikaweka kuchaji kuanze saa nane kasorobo. Hiyo robo ya ziada ni kwa sababu saa ya mita siiamini. Oktoba nitairudisha nyuma saa hiyo ya kuchaji. Nimeshaandika kwenye kalenda ya jikoni.