Kianzio cha mteja si mapato: nilivyoiweka sawa hesabu ya cherehani yangu

Nilipofungua fremu ya ushonaji Kihonda, mjini Morogoro, mwaka 2019, ushauri wa fedha niliousikia mara nyingi zaidi ulikuwa wa shemeji yangu: "Shemeji, kila jioni tenga asilimia 10 ya ulichoingiza, kinachobaki ni chako." Huenda ushauri huo unamfaa muuza nyanya, kwa kuwa akipokea fedha nyanya zimeshaondoka. Kwa fundi anayelipwa kabla ya kazi ni hatari, na inaniudhi kuona mafundi wanaoanza bado wanapewa.

Desemba ya mwaka huo wazazi walileta oda za sare za kufungulia shule Januari, nami nikapokea oda 40 kwa shilingi 30,000 kila moja, kitambaa kikiwa juu yangu. Kila mzazi alitoa kianzio cha shilingi 15,000, yaani 600,000 kwa jumla, fedha nyingi kuliko nilizowahi kushika kwa mwezi mmoja. Nilitenga 60,000 kama nilivyofundishwa, na kwa kuwa mwenye nyumba alikuwa akidai pango la miezi sita, nikamlipa kwa sehemu kubwa ya zilizobaki, nikilala usingizi mzuri kwa kuamini kwamba nimejiwekea akiba. Wiki ya kwanza ya Januari nilipokwenda kununua kitambaa, kila sare ilihitaji karibu shilingi 18,000, kwa hiyo hata kama nisingegusa senti moja ya kianzio kisingetosha. Nilikopa laki sita kwenye kikoba chetu, nikashona hadi usiku wa manane, na watoto wanane walianza shule wakiwa na sare za zamani kwa sababu yangu. Nilipomaliza kurejesha mkopo na riba yake, sikuweza kumwonyesha mtu yeyote faida ya oda zile 40.

Ndipo nilipoelewa kwamba kianzio ni mali ya mteja iliyo mikononi mwangu mpaka nguo itakapokamilika. Nilinunua kaunta buku na laini ya pili ya simu kwa ajili ya kupokelea vianzio peke yake, kisha nikabuni utaratibu ambao hadi leo ninajivunia. Kazi ikipokelewa, ninakata kipande kidogo cha kitambaa cha mteja na kukibana kwa stepla kwenye ukurasa wa kushoto, pembeni yake nikiandika bei, kianzio na salio. Nguo ikichukuliwa na salio likalipwa, ninakibandua kipande kile na kukibana kwenye ukurasa wa kulia, na hapo tu ndipo fedha inapohesabiwa kuwa mapato. Kila Jumamosi jioni ninajumlisha vianzio vya kushoto, ninatoa gharama ya vitambaa nilivyokwisha kununua kwa ajili ya oda hizo, na kiasi kinachobaki lazima kilingane na kilichomo kwenye laini ya pili. Kisipolingana, sifungi fremu mpaka nijue kwa nini. Kipande cha kitambaa kina faida nyingine ambayo sikuitarajia: mteja akija kubishania alichotoa, akiona kitambaa chake mwenyewe kimebanwa pembeni ya tarehe na kiasi, mazungumzo hutulia.

Matumizi ninayaandika papo hapo, hata uzi wa mia tano. Kwa njia hiyo niligundua kwamba pasi ilikuwa ikila umeme wa Luku kuliko cherehani na ovaloki (mashine ya kufunga kingo za nguo) kwa pamoja, kwa hiyo sasa ninakusanya nguo na kuzipiga pasi mara mbili kwa siku. Makato ya kutoa fedha kwa wakala nayo yalikuwa yakifika kama elfu kumi na kitu kwa mwezi, ndiyo maana muuza vitambaa ninamlipa kwa simu moja kwa moja.

Faida kubwa ya daftari lile ilikuja wakati wa kodi. Mauzo yangu ya mwaka mmoja yalifika shilingi milioni 8.4. Kwa viwango vya wakati huo, mfanyabiashara mdogo mwenye mauzo ya kati ya milioni 7 na milioni 11 asiye na kumbukumbu za biashara alitozwa 250,000, ilhali mwenye kumbukumbu alilipa 90,000 na asilimia 3 ya kilichozidi milioni 7. Nilikwenda ofisi ya Mamlaka ya Mapato na kaunta buku zangu, na kodi yangu ikawa 132,000, inayolipwa kwa awamu nne. Tangu hapo, mwanafunzi yeyote ninayempokea kujifunza ushonaji hukaa wiki ya kwanza na stepla na daftari kabla ya kugusa cherehani.