Chumvi iko wapi? Nilivyoishika nyumba mke wangu akitibiwa saratani

Desemba 2023, siku ya pili tangu mke wangu arudi kutoka Mwanza alikomaliza mionzi, nilimsikia jikoni akimuuliza mtoto wetu wa darasa la nne: "Chumvi iko wapi?" Mtoto akamwonesha. Mimi nilikuwa uani nafua, nikaliona ni swali la kawaida. Usiku nikamkuta amekaa ukingoni mwa kitanda analia. Nilidhani ni maumivu ya mkono. Akaniambia, "Mwalimu, nimekuwa mgeni kwangu. Hata chumvi naoneshwa na mtoto."

Naandika haya kwa ajili ya wenzangu ambao wake zao au waume zao wako kwenye matibabu sasa hivi. Namna ya kuishika nyumba mtu akiugua nilijifunza, na nitaieleza. Namna ya kuirudisha nyumba kwa mwenyewe akipona, hiyo hakuna aliyenieleza, na ndiyo iliyonichelewesha zaidi.

Tunakaa Ujiji, Kigoma. Mimi nafundisha shule ya msingi, yeye alikuwa na meza ya dagaa na mawese soko la Mwanga. Uvimbe aliusikia kwapani kwanza, kisha kwenye titi la kushoto, mwishoni mwa 2022. Kituo cha kwanza tulichokwenda walimwambia ni maziwa yaliyoganda, kwa kuwa kitinda mimba wetu alikuwa ameachishwa kunyonya si muda mrefu. Tukapoteza miezi miwili tukikanda kwa maji ya moto. Nasema tulipoteza kwa uchungu, maana uvimbe usiouma ndio uliotudanganya; tulidhani kansa lazima iume. Tulipofika hospitali ya mkoa, Maweni, walichukua kinyama, kikaenda kupimwa, na majibu yalipotoka tukapewa rufaa ya Bugando, hospitali kubwa ya Mwanza. Upasuaji wa kuondoa titi ulifanyika Ramadhani ya 2023. Alikuwa na miaka 38.

Kadi ya bima ya afya ya mtumishi ilibeba sehemu kubwa ya dawa na vipimo. Nauli, chakula na pa kulala haikubeba. Basi la Mwanza linaondoka Kigoma alfajiri, unapita Kasulu, Kibondo, Kakonko, Nyakanazi, unakwenda Geita, kisha wakati ule unangoja kivuko cha Busisi. Ni safari ya kutwa nzima kwa mtu mzima wa afya, achilia mbali mtu mwenye mpira wa kutolea majimaji ubavuni. Nashukuru binamu yake anaishi Nyakato, hapo hapo Mwanza, tukawa na godoro la uhakika.

Baada ya kidonda kukauka alipangiwa dripu 6 za dawa za saratani, moja kila baada ya siku 21. Hapo ndipo nilipoanza daftari. Dripu ya kwanza tulipigwa na kila kitu kwa mpigo. Tulipanda basi kesho yake asubuhi, akatapika kuanzia Geita hadi Kibondo. Usiku wa kwanza mkojo ulikuwa mwekundu, nikadhani anatoka damu, nikakimbilia kwa nesi nikaambiwa ni rangi ya dawa yenyewe. Wiki ya pili alidhoofika ghafla na mimi nilikuwa nimewakaribisha ndugu kutoka Manyovu siku hiyo hiyo, watu kumi na wawili sebuleni. Wiki ya tatu akapata nguvu kabisa, akataka kwenda sokoni, nami nikamkatalia kwa woga. Yaani siku mbaya nilijaza watu, siku nzuri nikamfungia ndani.

Dripu ya pili nilichora mistari 21 kwenye daftari la hesabu na kuandika kila siku ilivyokwenda. Ya tatu ilipofika, mchoro ulijirudia karibu vile vile. Siku ya 1 hadi ya 4 ni kichefuchefu, kwa hiyo tukaacha kukimbilia basi. Anapumzika Nyakato, tunasafiri siku ya 4. Dawa ya kuzuia kutapika anakunywa kwa saa hata kama hajisikii vibaya, maana kikishaanza kichefuchefu, kidonge hakikai tumboni. Siku ya 7 hadi ya 14 chembe nyeupe za damu zinashuka, mwili hauna askari. Hapo hakuna wageni ndani, hakuna kachumbari, matunda ni ya kumenya tu. Siku ya 15 hadi ya 19 ni zake. Hizo ndizo siku nilizopanga harusi, mazungumzo na walimu wa watoto, hata ugomvi wetu wa mume na mke nilijifunza kuungoja siku ya 16.

Siku ya 18 tunapima damu hapa hapa mjini. Hili tulilijua kwa gharama: safari moja tulifika Mwanza damu ikaonekana haitoshi, dripu ikaahirishwa wiki nzima. Tukamwomba daktari, akakubali tuwe tunapima Kigoma kwanza na kupiga simu kabla ya kukata tiketi.

Mwalimu mkuu wangu alinielewa, wenzangu wakabadilishana vipindi nami. Safari nyingine alikwenda shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, mimi nikabaki na watoto.

Kuhusu homa, nisikilizwe vizuri. Huku kwetu mtu akichemka jibu la kwanza ni malaria, na mara nyingi ndiyo. Bugando walitupa kipimajoto na sharti moja: kikisoma 38 au zaidi, saa yoyote, hospitali. Dripu ya tatu, siku ya 10, saa saba usiku, kilisoma 38.4. Jirani mwema alishaleta dawa mseto. Katika kituo cha karibu walipima malaria, haikuonekana, wakataka kutupa panadoli turudi asubuhi. Nilitoa barua ya daktari iliyoandikwa kwamba mgonjwa yuko kwenye dawa za saratani, nikawaomba kwa adabu lakini sikuondoka mlangoni. Akapimwa damu, chembe nyeupe zilikuwa chini sana, tukapelekwa hospitali kubwa usiku ule kwa bajaji, akawekewa antibiotiki za mshipani siku tano. Tangu hapo barua ile ilikaa kwenye mfuko wa plastiki, imening'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, na kila mkubwa ndani ya nyumba alijua iko pale. Mtu ana malaria au hana, aliye kwenye dripu akichemka apimwe damu yote.

Chakula kilikuwa mtihani wa ajabu kwetu. Mwanamke aliyeuza dagaa miaka kumi na tatu hakuweza tena kuvumilia harufu yake. Mawese yakichemka, anatoka hadi barabarani. Sombe, yaani kisamvu, ambayo bila mawese kwa watu wa Ujiji ni majani tu, ikaondoka kwenye nyumba yetu miezi mitano. Alichoweza ni uji wa ulezi wenye ndimu, viazi vya kuchemsha, mchuzi mwepesi wa samaki kuhe uliopoa. Vitu vya baridi havina harufu kali kama vya moto, hilo aligundua mwenyewe. Dagaa waliobaki kwenye stoo niliwauza, na meza ya sokoni nikampa mama mmoja aiendeshe. Sikumuuliza mke wangu. Nilimwona hajiwezi, nikaamua.

Mama mkwe alikuja kutoka Kasulu. Nilimshukuru Mungu, lakini mkwe ni mkwe. Nyumba ina vyumba viwili na sebule, choo kimoja uani, na mimi ndiye niliyekuwa namwaga majimaji ya ule mpira na kuandika mililita. Kumvua mke wangu nguo mama yake akiwa mlango wa pili kulinipa shida ambayo sikujua niiseme vipi. Mama mwenyewe ndiye aliyeitatua. Kila nikichukua beseni, yeye alichukua kanga na kusema anakwenda kuwajulia hali majirani. Hatukuwahi kulizungumza.

Wageni tuliwawekea benchi chini ya mwembe. Wazee wa mtaa waliona si heshima, mtu kuja kumwona mgonjwa asifike kitandani. Nikamweleza imamu habari ya siku ya 7 hadi ya 14, na yeye ndiye aliyewaeleza wengine baada ya sala. Waliotaka kusaidia niliwapa kazi badala ya kuwaacha wakae: maji ndoo nne, kuni, kumpeleka mdogo kwa shangazi yake. Yupo ndugu aliyetusihi tumpeleke kwa mganga, akisema amerogwa kwa sababu ya biashara. Sikugombana naye. Nilimwomba anichangie nauli ya dripu ya nne, naye akachangia.

Watoto niliwaficha mwezi mzima. Niliwaambia mama ana jipu. Kitinda mimba, aliyezoea kulala kifuani kwa mama, aliona kifua kimefungwa bandeji akaacha kumkaribia. Nikampa kanga ya mama yake iliyovaliwa, alale nayo, na mama akawa anamlaza upande wa kulia. Wa darasa la nne aliambiwa shuleni na mwenzake kwamba kansa ni kifo. Jioni akaniuliza. Nikamwambia: ni kansa, wengine wanakufa nayo, mama yako anatibiwa ili asife, na chochote kikibadilika wewe utakisikia kwangu kabla ya kukisikia barabarani. Alilia, kisha akaomba aoneshwe lile daftari. Kuanzia siku hiyo yeye ndiye aliyeweka alama ya kila siku iliyopita.

Binti yetu mkubwa, kidato cha pili, ndiye niliyemkosea. Hakulalamika hata siku moja, nami nikachukua ukimya wake kuwa ni uwezo. Mwalimu wake wa darasa alinipigia simu kwamba analala vipindi vya mchana. Nilipohesabu kazi alizokuwa anafanya kuanzia saa kumi alfajiri nilishindwa kula. Nikagawa upya: mimi kufua na uji wa asubuhi, kaka yake kuosha vyombo na kusonga ugali, yeye apike chakula cha jioni siku tatu kwa wiki tu. Kaka yake alisonga ugali wenye mabuje wiki mbili, tukala.

Nywele zilianza kudondoka wiki ya tatu. Alitaka kunyolewa kwa wembe kama tulivyozoea, nikakumbuka tulivyoonywa asipate michubuko, kinyozi wa mtaani akaja nyumbani na mashine. Watoto walikuwepo, kwa hiari yake.

Baada ya dripu zote ikafuata mionzi, wiki tano, Jumatatu hadi Ijumaa, akiwa Nyakato muda wote. Sina mengi ya kusema juu ya wiki hizo. Ngozi iliungua ikawa nyeusi, uchovu ulikuwa mwingi, na tulimkosa. Nyumba kwa wakati huo ilikuwa inakwenda yenyewe. Vyombo nilivipanga upya mkono wangu unapofikia. Chumvi niliitoa kwenye kopo lake la zamani nikaiweka juu, karibu na dirisha.

Kwa hiyo narudi usiku ule wa Desemba. Kosa langu la kwanza lilikuwa kumfariji. Nikamwambia apumzike, kila kitu kipo sawa. Akajibu, "Ndiyo hilo. Kipo sawa bila mimi."

Tulianza na pesa ya matumizi, aishike yeye, kama zamani. Kisha jikoni: nilimwomba avipange vyombo anavyotaka, nami nikawa ninayeuliza. Ramadhani ya 2024 alipika futari siku ya kwanza kwa saa tatu, akiketi na kusimama, na kila nikinyanyuka kusaidia, binti yetu alinikanyaga mguu. Mkono wa kushoto unavimba akibeba mzito, kwa hiyo ndoo ya maji na gunia vilibaki kwetu. Kila asubuhi anapandisha vidole ukutani kama walivyomfundisha, na mtoto wa kati ameweka alama za penseli alipofika. Uvimbe wake ulikuwa ule unaolishwa na homoni, hivyo anakunywa kidonge kimoja kila siku kwa miaka mitano. Kinamletea joto la ghafla usiku, anatupa shuka, mimi najifunika.

Ya chumbani nitayasema kwa staha, kwa sababu najua wengi wanayanyamazia. Tulikaa miezi tukilala kama ndugu. Mimi nilidhani namhurumia, yeye alidhani namchukia kifua chake. Nesi wa kliniki ndiye aliyemuuliza, akatupa ushauri na mafuta ya kusaidia, lakini kwanza ilibidi niombwe kuuangalia ule mshono taa ikiwaka, nikauangalia.

Sokoni ndiko kulikochukua muda. Meza yake niliipata kwa kumbembeleza yule mama, na ilibidi nimwombe radhi mke wangu mbele ya mama yake kwa kuitoa bila kumuuliza. Alipojiandaa kurudi, Ziwa Tanganyika likafungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Akaanza na mawese na maharage ya Kasulu. Harufu ya mawese ilishaacha kumsumbua. Ya dagaa ilimrudia polepole. Siku ya kwanza alisimama mbali na mwalo wa Kibirizi, amefunga ushungi puani, akamtuma mtu.

Kliniki tunakwenda bado. Safari ya mwaka 2025, baada ya daraja la Kigongo–Busisi kufunguliwa mwezi Juni, hatukungoja kivuko. Daftari lile analo yeye sasa. Kurasa za nyuma zimejaa madeni ya wateja. Juzi alinituma Kibirizi alfajiri nikamchukulie magunia mawili kwa sababu ya mkono. Aliniambia niyabebe tu, nisichague. Kuchagua atakuja kuchagua mwenyewe.