Usiku wa sufuria

Jumapili jioni hapa Goma, mashariki mwa Kongo, moto wa umeme ulirudi mapema, jambo ambalo kwetu si la kila siku. Tukajipanga sebuleni watu saba mbele ya mashine (kompyuta) ya shemeji: mama, yaya (dada yangu mkubwa) na mume wake, mimi, mdogo wangu wa kike, na vijana wawili wa parsele (kiwanja) ya jirani ambao penye filamu hawakosi. Tulitazama Hush ya mwaka 2016, iliyoongozwa na Mike Flanagan. Mimi ndiye niliyeitafuta, kwa sababu mwanamke wa humo ni kiziwi na mdogo wangu ni kiziwi.

Hadithi ni fupi. Maddie ni mwandishi, anakaa peke yake katika nyumba ya msituni. Masikio yalimpotea akiwa na miaka 13 kwa homa ya uti wa mgongo. (Wetu ni ugonjwa huohuo, ila yeye alikuwa na miaka 4.) Usiku anafika mtu mwenye barakoa na upinde wa kufyatulia mishale, anazunguka nyumba, anakata umeme, anacheza naye kama paka na panya. Waigizaji ni wachache kuliko sisi tuliokuwa sebuleni. Flanagan aliiandika pamoja na Kate Siegel, anayecheza Maddie, na nimesoma kwamba matukio waliyajaribu kwanza ndani ya nyumba yao wenyewe. Inaonekana. Kila mlango wa nyumba ile unaujua kabla filamu haijafika katikati.

Vijana walichoka haraka. "Filamu gani hii, mwizi mmoja, na hata haibi kitu!" Mama yeye alikasirikia nyumba: vioo kila upande, bila hata rido (pazia) moja. Shemeji hakupenda barakoa ivuliwe mapema vile. Kwake hofu iliishia pale, kwa kuwa mtu mwenye sura ni mtu tu. Hapo tulibishana mpaka chai ikapoa. Maddie ameandika kwenye kioo kwa rangi ya mdomo kwamba hakuiona sura yake, kwamba hatasema. Yule mtu anavua barakoa, anamwonyesha uso. Basi, hakuna tena la kuombana. Mimi sijaona sehemu inayotisha kuliko hiyo, na haikugharimu kitu zaidi ya mkono wa mtu kupanda usoni.

Halafu kijana mmoja akauliza lile ambalo kila mtu wa Goma angeuliza: "Lakini juu ya nini hapigi kelele?"

Kwetu nyumba nyingi ni za mbao, zimekaa juu ya mawe ya lava, jirani akikohoa unamwambia pole ukiwa kitandani. Wezi wakiingia mahali usiku, wenye nyumba wanapiga sufuria. Wa pili anasikia, anapiga yake, wa tatu filimbi, na baada ya dakika chache avenyu nzima inalia. Mara nyingi wezi wanakimbia. Hiyo ndiyo silaha yetu, na siku hizi tunaihitaji mno.

Mdogo wangu aliona kijana anasema kitu, akaniuliza ni nini. Nikamfasiria. Hakujibu, akaniomba nirudishe nyuma, pale mwanzo, rafiki wa Maddie anapokuja mbio akiwa na damu. Anagonga kioo cha mlango kwa viganja viwili. Maddie yuko jikoni, hatua chache tu, anashughulika na chakula, amegeuka. Rafiki anagonga, anagonga, anauawa palepale. Ndipo muuaji anapoelewa kwamba huyu wa ndani hasikii. Na yeye anagonga kioo, polepole, kwa kumjaribu.

Tulipoitazama mara ya kwanza, sote tulimlilia aliyekufa. Mdogo wangu alikuwa anamtazama aliye jikoni.

Akaniuliza kwa mikono: "Usiku ule wa sufuria, mulinigongea?"

Ni usiku wa mwaka jana. Waliingia kwa jirani wa nyuma, kama saa nane. Tuliamka sote, tukatoka na sufuria zetu, tukapiga mpaka mikono ikauma. Yeye alishtuka baadaye sana, si kwa sauti, kwa mtetemo wa ubao wa ukuta ambao kitanda chake kimeuegemea. Tetemeko analijua kwa mgongo: Mei 2021, volkeno yetu ya Nyiragongo ilipolipuka na ardhi ikakaa siku nyingi inatikisika, ndiye aliyekuwa anatuamsha. Lakini usiku ule alipapasa vitanda katika giza, akakuta vitupu. Akadhani tumechukuliwa. Tulimkuta chini ya meza ameshika kisu cha kukatia sombe (majani ya muhogo).

Hatukumgongea. Nilimjibu hivyo, mbele ya mama.

Hakuniangalia. Tulimaliza filamu. Alicheka mara moja, Maddie alipowasha king'ora cha moto chenye taa kali, kelele yake ikamvuruga yule mtu huku yeye hasumbuki. Ishara kadhaa alizielewa bila kusoma maandishi, kwa kuwa lugha ya alama aliyofundishwa shuleni imetoka kwa ile ya Marekani: aliyeieneza katika nchi zetu nyingi ni Andrew Foster, Mmarekani mweusi na kiziwi, ambaye ndege yake ilianguka Rwanda, hapo ng'ambo ya mpaka, mwaka 1987. Siegel mwenyewe anasikia. Mdogo wangu alitambua kabla sijamwambia. Alisema mikono ya yule dada inakumbuka kwanza ndipo inasema, na kwamba kazi ile angepewa kiziwi. Namuunga mkono.

Jumatatu nilinunua kamba ya nailoni, mita nne. Shemeji alitoboa ubao kati ya vyumba vyetu. Ncha moja nafunga kwenye mkono wangu, nyingine kwenye wake. Usiku wa kwanza aliivuta mara tatu, nikaruka na tochi. Alikuwa ameketi kitandani. Alitaka tu kuona kama nitakuja.

Jana aliivuta tena mara moja. Nikaivuta na mimi, nikalala.