Mbaazi za Marikiti na Meza za Walatino

Mwezi uliopita mzee mmoja ambaye ameuza nafaka na viungo Marikiti, soko la hapa Mombasa, kwa miaka mingi aliniomba nimwandikie lebo za mbaazi anazokusudia kuzipeleka Marekani. Nilipomwuliza anamtazamia mnunuzi gani, alinijibu, "Mwanangu, Mmarekani ni Mmarekani tu." Jibu hilo halijanitoka moyoni, kwa sababu naliona ndilo linalowanyima soko wafanyabiashara wengi, wa hapa kwetu na wa huko huko Marekani.

Sensa ya Marekani ya mwaka 2020 ilihesabu Walatino, yaani watu wenye asili ya nchi kama Meksiko, Kuba na Puerto Rico, milioni 62.1, karibu mtu mmoja katika kila watano, ilhali mwaka 2010 walikuwa milioni 50.5. Kwa wastani ni vijana kuliko Wamarekani wengine, na wengi wao wamezaliwa huko. Mwenye duka anayewapuuza anawapuuza wanunuzi ambao bado wana miaka mingi ya kununua.

Hata hivyo, kilichonigusa zaidi si idadi, bali chakula. Watu wa Puerto Rico huziita mbaazi *gandules*, na wali waliopikwa pamoja nazo ni chakula chao cha Krismasi, kama vile asubuhi ya Mombasa isivyokamilika kwa wengi wetu bila mbaazi za nazi na mahamri. Wameksiko nao hunywa maji ya ukwaju, na hula embe lililonyunyizwa chumvi, pilipili na ndimu, jambo ambalo mtoto yeyote wa Mombasa hahitaji kuelezwa. Kampuni ya Goya, iliyoanzishwa New York mwaka 1936 na wahamiaji kutoka Hispania, ilikua kwa kuwauzia watu hawa vyakula walivyovizoea nyumbani. Nayo haikuwafanya wote kuwa kitu kimoja, maana Mkuba hutaka maharagwe meusi na Mmeksiko ana yake.

Hapa Mombasa somo hili tunalo katika leso. Mwanamke aingiapo duka la Biashara Street huikunjua leso, akatazama pindo, kisha akauliza, "Yasemaje hii?" kabla hajauliza bei. Niliwahi kuona leso za rangi nzuri sana zikikaa rafuni mwaka mzima kwa kuwa jina lake, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, lilikuwa limetafsiriwa vibaya kutoka lugha nyingine, nao wanawake wakaona kwamba aliyeliandika hakuwa akizungumza nao. Tangazo la Kiingereza lililogeuzwa neno kwa neno kuwa Kihispania hupokewa vivyo hivyo. Tena si kila Mlatino huzungumza Kihispania. Wako vijana wengi wanaotumia Kiingereza siku nzima, ambao hata hivyo hulitambua mara moja jina la chakula cha bibi yao. Kwa hiyo kumjua mteja kunahitaji kumwuliza, na ikiwezekana kumwajiri mtu wa kwao, badala ya kutosheka na kamusi.

Nilimweleza mzee yote haya tukiwa tumekaa juu ya magunia yake. Alinitaka nilitamke lile neno la Puerto Rico mara tatu, kisha akachukua kalamu ya wino mzito na kuliandika ubavuni mwa gunia la kwanza, chini ya neno "mbaazi", akaniuliza kama herufi zote zimekaa sawa.