Kumbukumbu ya mradi: kurekebisha mapigo ya indiketa za pikipiki yangu

Jumamosi ya kwanza

Nilitoa balbu nne za indiketa nikaweka taa za ledi, kwa kuwa nyuzi za balbu zilikuwa zikikatika mara kwa mara kutokana na mtikisiko wa barabara ya vumbi. Nilipowasha indiketa ya kushoto, taa zote mbili ziliwaka mfululizo bila kupepesa hata mara moja. Taa zilikuwa mpya na betri ilikuwa imejaa, kwa hiyo nikaigeukia flasha, kile kikopo cha bati chenye miguu miwili kinachokaa chini ya kiti na kuzipepesa indiketa.

Nilikikata kikopo hicho kwa msumeno wa chuma. Ndani nilikuta ulimi mwembamba wa metali mbili zilizobanwa pamoja, ambao ncha yake hugusa nundu ndogo. Nundu ya flasha yangu ilikuwa imeungua ikawa nyeusi. Umeme wote wa taa hupita katika ulimi huo na kuupasha moto, na kwa kuwa metali moja hutanuka kuliko nyingine, ulimi hupinda, ncha ikaachana na nundu, taa zikazimika. Ukishapoa hunyooka, hugusa tena, na taa huwaka. Maana yake ni kwamba mapigo ya indiketa hutegemea taa zenyewe: balbu mbili za wati 10 kwa volti 12 huvuta takriban ampea 1.67, ilhali ledi zangu mbili, nilizozipima kwa mita, zinavuta ampea 0.2 tu, kiasi kisichoweza kuupinda ulimi ule.

Fundi mmoja alinishauri nifunge rezista, kipande kinachozuia umeme kiasi, sambamba na ledi ili ivute umeme kama balbu. Njia hiyo hufanya kazi, lakini rezista hupata moto wa kuweza kuyeyusha plastiki iliyo karibu, na umeme uliookolewa na ledi hugeuka joto lisilo na faida. Sikuikubali.

Jumamosi ya pili

Nimeunda flasha mpya kwa chipu ya 555, chipu ndogo ya kupimia muda, ambayo Hans Camenzind aliisanifu mwaka 1971 na ambayo hadi leo hupatikana kwa bei ndogo. Kwa rezista za kiloomu 10 na 47, pamoja na kapasita (kipande kinachohifadhi umeme kwa muda) ya maikrofaradi 10, hesabu inatoa mapigo 83 kwa dakika. Kanuni za Umoja wa Mataifa zinataka yawe kati ya 60 na 120. Chipu huendesha rilei, yaani swichi inayovutwa na sumaku ya koili, na juu ya koili hiyo nimefunga dayodi, kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu, kwa sababu koili inapokatiwa umeme hutoa volti kali ya kinyume inayoweza kuiua chipu. Nililazimika pia kuongeza waya wa tatu unaokwenda kwenye bodi, yaani fremu ya chuma ya pikipiki iliyounganishwa na upande hasi wa betri, kwani chipu inahitaji umeme wake yenyewe hata taa zinapokuwa zimezimika.

Nilipoijaribu, taa zote nne zilipepesa kwa pamoja! Kosa lilikuwa kwenye taa ndogo ya dashibodi, ambayo imefungwa kati ya waya wa kushoto na wa kulia, na hutumia balbu za upande uliozimwa kama njia ya kufikia bodi. Umeme mchache unaopenya hapo haukutosha kuwasha balbu za zamani, ila unatosha kuwasha ledi. Nimeufunga mguu mmoja wa taa hiyo kwenye bodi, na mguu wa pili nimeuunganisha na pande zote mbili kupitia dayodi mbili. Sasa kila upande unapepesa peke yake.

Kazi iliyobaki

Flasha ya zamani ilikuwa na faida moja ambayo sitaki kuipoteza: balbu moja ikiungua, mapigo yalibadilika na dereva akajua. Hii yangu itaendelea kupepesa vilevile hata taa ya nyuma ikifa, nami nikakata kona nikiamini kwamba aliye nyuma ameniona. Nimeweka rezista ya omu 1 kwenye njia ya umeme wa taa. Ledi mbili zikiwaka, mita inasoma volti 0.2, nikichomoa moja, inasoma 0.1. Jumamosi ijayo nitaunda saketi ya kuitambua tofauti hiyo na kuwasha taa nyekundu kwenye dashibodi.