Ndoo ya gatini na bomba la uani

Nilipochaguliwa kuwa mweka hazina wa chombo cha watumia maji, huku kwetu tambarare, chini ya Moshi, kisima kilikuwa wiki ya pili hakitoi maji. Mota ya pampu ilikuwa imeungua na akiba hakuna. Akina mama walichota kwenye mfereji wa umwagiliaji, maji ya rangi ya chai ya maziwa.

Wajumbe wenzangu walitaka tupandishe bei gatini, yaani kwenye kituo cha umma cha kuchotea maji, ambako ndoo ya lita 20 ilikuwa shilingi 50. Bibi mmoja muuza mboga akanisimamisha njiani: "Mwanangu, kabla hamjanigusa mimi, wale wenye bomba uani wanalipaje?"

Swali hilo lilininyima usingizi. Wenye bomba uani hawakuwa na dira, yaani mita ya kupima maji. Kila nyumba ililipa shilingi 10,000 kwa mwezi, basi. Uniti moja ni lita 1,000, yaani ndoo 50, kwa hiyo bibi alikuwa akilipa shilingi 2,500 kwa uniti. Pampu ilipotengenezwa kwa michango tukafunga dira chache za majaribio. Mwisho wa mwezi nilifuta vumbi kwenye kioo cha mojawapo, nikasoma: uniti 31. Ng'ombe wawili, wapangaji, bustani ya mchicha. Kwa bei ya gatini ni shilingi 77,500. Mwenye nyumba ile ndoo yake haikufika hata shilingi 7! Maskini ndiye aliyekuwa akimlipia mwenye nacho, na mimi sikuwa tayari kulinyamazia hilo.

Mkutano ulikuwa mkali. Mzee mmoja ninayemheshimu sana alinyanyuka akaondoka. Lakini uamuzi ulipita: gatini ilibaki 50, majumbani dira kwa wote na uniti shilingi 2,000, kwa kuwa bei ya gatini inabeba pia ujira wa mhudumu. Fedha ya pampu hutengwa kwanza, kabla ya posho yoyote.

Likabaki suala la ongezeko la watu, maana mashamba ya mahindi yanakatwa viwanja kila msimu. Sera ya Maji ya 2002 ilitaka lita 25 kwa mtu kwa siku, gati moja kwa watu 250, ndani ya mita 400. Hiyo ni lita 6,250 kwa gati kila siku. Nikazunguka na mwenyekiti wa kitongoji tukihesabu misingi iliyochimbwa, siyo nyumba tu, maana mwenye msingi leo ndiye mwenye ndoo mwakani. Upande wa reli peke yake misingi ilitosha gati zima jipya. Mtaro wa bomba la kwenda huko tumeanza kuuchimba mwezi huu.