Leo Nimeshinda Nikizuia Watu

Mgongo unauma na kucha zimejaa udongo, lakini kilichonichosha zaidi leo ni mdomo. Kila aliyekuja kujitolea kusafisha makaburi ya zamani alikuja na nia njema na kifaa mkononi, na nusu ya vifaa hivyo ilibidi virudi garini.

Wa kwanza alikuwa kijana mwenye brashi ya waya na chupa ya siki. Siki! Jiwe lenyewe la kaburi ni marumaru, na marumaru huliwa na asidi. Yale maandishi tunayoyatafuta yangeondoka pamoja na uchafu. Tukampa ndoo ya maji na brashi laini, tukamwambia aanzie chini apande juu, maana ukianzia juu maji machafu hutiririka kwenye jiwe kavu na kuacha michirizi. Akanuna kidogo. Baadaye nilimkuta amepiga magoti, haongei na mtu, anasugua herufi moja moja.

Mwingine alitaka kung'oa mtambao uliofunika kaburi zima. Mizizi yake imeshika ngozi ya jiwe, ukivuta unaondoka nayo. Tumekata shina chini, mengine yatakauka yenyewe. Na saruji nimeikatalia kabisa, hata aliyeileta akakasirika: kwenye jiwe la zamani lililo laini, saruji hukaza kuliko jiwe, hufungia unyevu ndani, na ufa mpya hutokea pembeni ya kiraka. Vipande vya mawe yaliyovunjika vimepigwa picha, vimelazwa palepale, vinasubiri fundi anayejua chokaa.

Lakini kilichonishtua ni mawe madogo. Wenzetu wawili walishaanza kuyakusanya rundo moja ili njia ipitike, mpaka mama mmoja mtu mzima akawasimamisha. Akatuonyesha: jiwe hapa, jiwe pale, katikati ardhi imebonyea kidogo, urefu wa mtu. Kisha tukaanza kuyaona kila mahali, mengine umbali ni mfupi mno, wa mtoto. Hao hawakuwa na pesa ya kuchongewa jina. Jiwe lile la shambani ndilo kumbukumbu yao yote, na tulikuwa tunalibeba kwa toroli kama kifusi.

Mchana ulikuwa na raha yake. Jiwe lililoonekana tupu kabisa, tuliliegeshea kioo pembeni, mwanga wa jua ukalipiga kwa ubavu, vivuli vikaingia kwenye mikwaruzo na jina likajitokeza. Hakuna chaki, hakuna unga wa kupaka kwenye herufi. Watu walipiga kelele kama goli limeingia.

Nafikiria Highgate, kule London. Makaburi yale yalifunguliwa 1839, baadaye yakamezwa na pori, na mwaka 1975 likaundwa kundi la marafiki wa kuyatunza. Nao hawakufyeka kila kitu. Sehemu kubwa waliiacha na miti yake, wakaidhibiti tu. Ndiyo hoja nitakayoenda nayo kikaoni, kwa sababu tuna mti mkubwa ambao mizizi yake imeinamisha makaburi matatu, na kundi limegawanyika. Wanaotaka ukatwe wanasema mawe yataanguka. Mimi nasema mizizi ikioza ardhi itatitia na yataanguka vilevile, kwa hiyo tupunguze matawi, tuyaegemeze mawe kwa mbao, na tumwite mtu wa miti kabla ya mtu wa msumeno. Wengi hawanikubali bado.